Zubeda, kuhusu ile karatasi ya kwenye nguzo

Arua, Jumapili jioni

Mwanangu Zubeda,

Assalamu alaikum. Sisi hatujambo. Mama yako anakohoa kidogo kwa ajili ya vumbi, mbuzi wa jirani wamemaliza mchicha wote, mengine ni salama.

Picha uliyonitumia nimeiona. Nimeikuza kwenye simu mpaka nikasoma kila kitu: karatasi nyekundu kwenye nguzo ya umeme, jicho ndani ya pembetatu, "jiunge upate mali, hakuna kafara ya damu", na chini namba mbili za simu. Umesema mwenzako wa chumbani ameshatuma laki tatu na nusu za fomu, na sasa anadaiwa nyingine za pete. Ukaniuliza: Baba, hivi vyama vya siri vipo kweli au ni hadithi tu?

Vipo, mama. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Kwenye simu ningeishia kukwambia "achana nao", na wewe tangu utoto ukiambiwa achana na kitu ndiyo unakwenda kukichungulia.

Kwanza hilo jicho. Watu husema ni la Illuminati, na chama cha jina hilo kilikuwepo kweli. Kilianzishwa tarehe 1 Mei 1776 huko Ingolstadt, Ujerumani, na profesa wa sheria za kanisa aliyeitwa Adam Weishaupt, na siku hiyo walikuwa watu watano. Walichotaka ni kupunguza mkono wa mapadri katika serikali na vyuo. Walipeana majina ya kujifichia, yeye akajiita Spartacus, na nembo yao ilikuwa bundi. Mtawala wa Bavaria, sehemu ya Ujerumani ulimo mji huo, akavipiga marufuku vyama vya namna hiyo mwaka 1784, akarudia 1785, barua zao zikakamatwa, na 1787 serikali ikazichapisha ili kila mtu azisome. Chama cha siri hakikutimiza hata miaka kumi na tano, na siri zake zikawa kitabu! Jicho lenyewe limo kwenye mhuri wa taifa la Marekani tangu 1782, na kwenye noti ya dola moja tangu 1935. Mwenzako akitaka kuliona aende kwa wabadilishaji fedha, hatadaiwa pete.

Lakini hao wa Ulaya tuwaache kidogo, maana na sisi tulikuwa na chetu, hapa hapa West Nile.

Babu yangu, ambaye hukumkuta, alikuwa mvulana wa kuchunga mbuzi wakati wa maji ya Yakan, dawa iliyonywewa kwa siri. Alikuwa akitusimulia habari ya kibuyu kilichokaa juu ghalani, mdomo umezibwa kwa majani, na watoto wakakatazwa hata kukitazama. Usiku wanaume walikuja mmoja mmoja, bila taa, wakanywa, wakaondoka kila mtu kwa njia yake. Maji hayo yalitoka kwa Rembe, mtu wa kabila la Wakakwa, na wazee wetu wa Kilugbara walimfuata wao wenyewe. Maradhi yalikuwa yamemaliza watu na ng'ombe, na kila baada ya miaka michache alikuja mtawala mwingine: Wabelgiji wa Lado, ndivyo eneo hili lilivyoitwa zamani, kisha serikali ya Sudan, kisha 1914 Waingereza wakamweka Weatherhead awe mkuu wa wilaya hapa Arua. Aliyekunywa aliambiwa risasi zitageuka maji, wafu watarudi, na kodi hatalipa tena. Wenzetu wa Maji Maji kule Tanganyika walikuwa wameambiwa karibu maneno hayo hayo mwaka 1905.

Rembe alikamatwa akanyongwa Yei mwaka 1917. Maji yakaendelea kunywewa bila yeye, na mwaka 1919 watu wakapambana na askari wa serikali. Risasi hazikugeuka maji.

Wapo vijana hapa mjini wanaowacheka wazee wale. Mimi sicheki. Mtu asiye na bunduki, asiye na gazeti wala mahakama ya kumsikiliza, angekutana na wenzake wapi kama si gizani? Siri yao ilikuwa ya kumficha aliyewakalia shingoni. Walidanganyika juu ya maji. Juu ya aliyekuwa akiwaumiza hawakudanganyika hata kidogo.

Sasa sikiliza habari ya siri nyingine ya miaka ile ile. Mwaka 1911, huko Serbia, maofisa wa jeshi na raia wachache waliunda chama wakakiita Muungano au Mauti. Watu walikijua kwa jina la Mkono Mweusi. Kiongozi wake, Dragutin Dimitrijević, aliyeitwa Apis, alikuja kuwa mkuu wa ujasusi wa jeshi, kwa hiyo serikali ilikuwa ikimlipa mshahara mtu wa kuizunguka. Mwanachama mpya aliingizwa kwenye chumba chenye giza, na mbele yake palikuwa na meza yenye kitambaa cheusi, mshumaa, msalaba, kisu na bastola. Hapo ndipo alipokula kiapo.

Watu wa chama hicho ndio waliowapa silaha vijana waliokwenda Sarajevo. Tarehe 28 Juni 1914 kijana wa miaka 19, Gavrilo Princip, akamuua mrithi wa ufalme wa Austria na mkewe, na mwezi mmoja baadaye vita vikaanza. Usiniambie ni mtu mmoja aliyeleta vita vile. Wafalme walikuwa wameshanoa mapanga, walingoja sababu tu. Lakini njiti ilitoka mfukoni mwa chama cha siri. Na moto ulifika kwetu. Kila niliposhusha mzigo Kariakoo, Dar es Salaam, nilikuwa nakumbuka jina hilo limetoka wapi: Carrier Corps, wapagazi wa Waingereza, waliobebeshwa risasi na unga porini wakifa kwa njaa na kuhara, makumi ya maelfu. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusikia neno Serbia. Apis mwenyewe alipigwa risasi na serikali yake 1917, mwaka ule ule wa Rembe.

Ile meza yenye kitambaa cheusi naijua, Zubeda. Nimeikalia.

Ilikuwa 1996, mimi bado taniboi, msaidizi wa dereva wa lori. Foleni ya Malaba ilikuwa imetuweka siku ya nne, tunalala chini ya trela, tunapika ugali kwenye jiko la makaa. Bwana mmoja mwenye koti akawa ananipitia kila jioni, ananiuliza mpaka lini nitafungua turubai la watu. Siku ya tano akanipeleka kwenye chumba cha gesti. Kitambaa cheusi kilikuwa shuka, pembeni lina doa la jiki. Mshumaa ulisimama ndani ya chupa ya soda. Kulikuwa na kitabu kikubwa, na niliona wazi kwamba anakishika juu chini, ila nilijiambia labda ndivyo kinavyosomwa. Nikatoa shilingi laki moja na ishirini. Nikaapa kwamba nikimwambia mtu yeyote nitapofuka. Lori langu mwenyewe lilikuwa lifike kabla ya Ramadhani.

Nyumbani nilimwambia mama yako zimeibwa Busia. Mpaka leo hivyo ndivyo anavyojua.

Miaka mitatu baadaye tulipata pancha karibu na Eldoret, usiku, mvua inanyesha. Dereva wangu ameshika tochi, mimi nalegeza nati. Sijui kilichomfungua mdomo, akasema, "Kijana, mimi niliwahi kuliwa pesa Malaba." Nikamuuliza, chupa ya soda? Tochi ikatulia usoni kwangu. Miaka mitatu tumekula sahani moja, tumelala kabini moja, na kila mmoja alikuwa analinda kiapo asipofuke. Bwana yule hakuwa na haja ya kuogopa polisi. Alichohitaji ni kwamba mimi na dereva wangu tusiambiane.

Ila usitoke hapo ukasema vyote ni utapeli. Afrika Kusini kulikuwa na Broederbond, chama cha wanaume wa Kikaburu kilichoanzishwa 1918. Kuanzia 1948 mpaka Mandela alipoingia 1994, kila aliyeongoza serikali, tangu Malan hadi de Klerk, alikuwa mwanachama. Hakukuwa na jini wala damu mle. Walikaa, wakanywa kahawa, wakapanga nani awe mkuu wa shule, nani ashike reli, nani ashike redio. Mweusi akikosa kazi alidhani amekosa bahati. Hicho ndicho cha kutisha, na hakina hata mshumaa.

Na Frimasoni, kwa kuwa najua utauliza: jengo lao Dar es Salaam liko pale karibu na bandari, watu wanapita mbele yake kila siku. Marehemu Sir Andy Chande, mkubwa wao wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi, alijitangaza mwenyewe hadharani. Siwasifu wala siwalaani, mambo yao ya ndani ni yao. Najua tu kwamba hawatembei usiku na gundi wakibandika karatasi kwenye nguzo za Kampala.

Mwenzako usimwambie ni mjinga, atakuficha zaidi. Mketi naye, umwombe akuonyeshe namba aliyotumia pesa, halafu waulize wasichana wengine wa hosteli, mmoja mmoja, kama namba hiyo wanaijua. Wakifika wawili tu, watafunguka wenyewe. Kama anaogopa kiapo, msomee habari ya Malaba. Macho yangu bado yanasoma gazeti bila miwani.

Barua hii atakuletea dereva wa basi la asubuhi pamoja na samaki wakavu na ule unga wa muhogo. Mlipe chochote, hata akikwambia nimeshamlipa.

Baba yako

Nyongeza: Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nikaona aibu kukuandikia wewe jambo ambalo mama yako halijui. Nimeifungua nikamsomea yote. Alinyamaza sana, akaacha hata kukohoa. Kisha akaniuliza mwaka, nikamwambia 1996. Akasema, "Kumbe ndiyo yalikuwa yale mabati." Amekwenda kulala. Misimu miwili ya mvua tulikuwa tunasogeza kitanda usiku, paa la nyasi linavuja, na yeye ndiye aliyekuwa akinifariji kwa sababu nimeibiwa.