Warsha pekee haitaokoa hisabati

Mhariri,

Tangu mradi wa SMASSE, wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika shule za sekondari, uanze 1998, na baadaye CEMASTEA, kituo cha mafunzo ya walimu wa masomo hayo mtaani Karen, walimu wamefunzwa kupanga, kufundisha, kutazama na kuboresha somo. Mara nyingi kinachokwama shuleni ni hatua ya tatu, kutazama.

Chukua 1/2 + 1/3. Wanafunzi wengi huandika 2/5, kwa kuwa wamejumlisha namba za juu, kisha za chini. Kuwakaririsha kanuni hakuondoi kosa hilo. Mpe kila mmoja ukanda wa karatasi wa sentimita 12, apake rangi nusu (6), kisha theluthi (4). Sentimita 10 kati ya 12 ni 5/6. Sasa waulize: 2/5 ni ndogo kuliko nusu, itakuwaje jumla ya nusu na kitu kingine? Nyamaza. Waache wabishane wawili wawili kwa dakika tano, bila mwalimu kukimbilia ubao. Kimya hicho ndicho kigumu zaidi kwetu walimu, hasa kipindi kikiwa cha dakika 40 na silabasi ikitusukuma.

Ndiyo maana tunawasihi wakuu wa shule za Nairobi watenge kipindi kimoja kwa wiki ambapo mwalimu mmoja anafundisha na wenzake wawili wameketi nyuma, wakiandika wanafunzi wanasema nini, si mwalimu anafanya nini. Siku hiyohiyo wakutane, wabadilishe swali lililokwama, na mwenzao ajaribu somo hilo kwa mkondo mwingine. Gharama yake ni karatasi na mkasi.

Walimu wa hisabati,
Nairobi