Programu za wenza wa kujisomea zianze na ratiba

Mhariri,

Naandika kuhusu programu za simu za kuwatafutia wanafunzi wenza wa kujisomea, mada iliyojadiliwa gazetini mwenu. Zingewafaa hasa wanafunzi wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambao wametawanyika mikoani. Tatizo ni kwamba nyingi huanza na picha na mambo ambayo mtu anayapenda, kana kwamba anatafutiwa mchumba.

Kinachovunja makundi ni ratiba. Anayejaza "muda wowote" mara nyingi hana muda kabisa. Programu imtake ataje saa kamili, mfano Jumanne saa 2 hadi saa 4 usiku, na iwaunganishe tu wale ambao saa zao zinalingana angalau mara mbili kwa wiki. Itumie namba ya kozi, si jina: wawili wanaosoma "Takwimu" wanaweza kuwa na mitaala tofauti kabisa. Iulize pia lengo, maana anayetaka kufaulu tu na anayeitafuta A watachokana kabla ya jaribio la kwanza. Watu watatu au wanne wanatosha. Wakiwa wawili, mmoja akiugua kikao kimekufa.

Vyuo vianze na kozi moja, kwa majaribio ya wiki mbili. Namba ya simu ifichwe mpaka wote waridhie, la sivyo jumbe za usiku wa manane zisizohusu masomo zitawafukuza wasichana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazigusa hata programu ndogo kama hizi. Na kiwepo kitufe cha kujitoa kundini bila kuulizwa sababu.

Msomaji,
Dodoma