Kabla hujawalipa: barua kwa mdogo wangu anayetaka kuandikia nyumbani

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilisikia furaha tu: umepata kazi ya kuandika makala, utaifanyia nyumbani, hakuna bosi wa kukukodolea macho. Mara ya pili ndipo nikakisikia kile ulichokipitisha haraka haraka karibu na mwisho, kama mtu anayepita mbele ya mlango wa anayemdai: "Ila kuna ada kidogo ya usajili, halafu makala matano ya majaribio."

Naujibu hadharani kwa kuwa najua wako wengine wamesimama hapo uliposimama, na wako walioshalipa wanaona haya kusema.

Usilipe. Sijali ada ni kidogo kiasi gani. Udogo wake ndio mtego wenyewe, maana kiasi kikubwa kingekushtua. Hebu jiweke kwenye nafasi ya huyo anayetoza. Watu mia wakimpa ada ya usajili, ana haja gani ya kuhangaika kutafuta mteja wa makala? Ameshauza, na bidhaa aliyouza ni matumaini yako. Baada ya usajili itakuja ada ya mafunzo, kisha ya kupandishwa daraja, na ukianza kuuliza malipo yako yako wapi utaambiwa kuna ada ya kuyafungulia. Tume ya Biashara ya Marekani, ile FTC, imerudia onyo hilo miaka na miaka: mwajiri mwaminifu hakutozi pesa ili akupe kazi. Waandishi wa hadithi nao wana kanuni yao iliyosemwa na mwenzao James D. Macdonald, wanaiita Yog's Law: pesa humwendea mwandishi. Ukiona zinatoka kwake, simama uulize.

Kuna mbinu nyingine inayofanana na hiyo, niiseme upesi. "Mteja" anakutumia hundi iliyozidi bei mliyopatana, anaomba radhi, anakusihi umrudishie kilichozidi. Unarudisha pesa halali. Siku chache baadaye benki inagundua hundi ni feki, na deni linakuwa lako.

Nisikudanganye lakini kwamba kila pesa inayokutoka ni wizi. Majukwaa ya kazi za mtandaoni yana makato yao na yanayaeleza waziwazi. Fiverr, kwa mfano, hukata asilimia 20 ya anachopata muuzaji. Mengine huuza vitu mfano wa tiketi za kuombea kazi, unazitumia upate usipate. Hizo mimi naziona kama nauli ya kwenda kutafuta kazi: nikilipa, naandika kwenye daftari, na zikizidi kazi ninazopata naacha. Ada ya kukubaliwa uwe mwandishi ni jambo jingine kabisa.

Sasa hayo makala matano. Hapa nina kidonda, na sijawahi kukuonyesha.

Mwaka wangu wa kwanza niliandika matano hayo hayo, kwa watu ambao sitawataja. Walisema wanataka kuona kama naweza kubadilisha mtindo, kwa hiyo kila makala iwe na mada yake. Nilikesha. Nikatuma. Wakajibu kwa adabu kwamba kiwango changu hakijafika, nijaribu tena mwakani. Miezi miwili baadaye, nikitafuta jambo jingine kabisa, nikakutana na makala yangu ya tatu kwenye tovuti, chini ya jina la mtu nisiyemjua. Nilijuaje ni yangu? Aya ya pili nilikosea kuchapa, nikaandika "ambayoyo". Na ile "ambayoyo" ilikuwa pale pale, inanitazama. Hawakujisumbua hata kuisoma.

Nilichokuwa sijui wakati ule ni kwamba maandishi yale yalikuwa mali yangu tangu nilipoyaandika. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 unaofuatwa na nchi nyingi duniani hautaki usajili wala muhuri: hakimiliki inazaliwa na kazi yenyewe. Kukataliwa kwangu hakukuwapa ruhusa ya kuchapisha. Lakini nilinyamaza, kwa sababu sikuwa na hata mstari mmoja wa makubaliano, na nilijiona mdogo.

Kwa hiyo wakikuambia majaribio, waambie una sampuli. Andika makala mawili unayoyapenda mwenyewe, yaweke mahali wanapoweza kuyasoma, wapelekee hayo. Wakishikilia kwamba lazima waone ukiandika mada yao, sawa, andika makala moja kwa malipo. Mteja mwenye kazi ya kweli hashtuki kusikia hivyo. Atapunguza bei ya jaribio, mtapatana, yataisha.

Tuje kwenye bei, maana umeniambia "wanalipa vizuri" bila kusema vizuri ni ngapi kwa saa. Najua hukupiga hesabu. Hata mimi sikupiga mpaka nilipoanza kuandika saa zangu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na saa ni mali. Nimelifungua daftari langu la zamani hapa mezani. Wino umefifia lakini unasomeka. Makala ya maneno 800: kusoma na kutafuta vyanzo, saa 2. Kuandika, saa 3. Masahihisho, saa 1 na nusu, kwa sababu mteja alibadilisha mawazo. Kujibizana kwa barua pepe, nusu saa. Jumla saa 7. Tuseme malipo yalikuwa 100, sarafu iwe yoyote. Kichwani nilikuwa nagawanya kwa zile saa 3 za kuandika, najiona napata 33 kwa saa. Toa asilimia 20 ya jukwaa, zinabaki 80. Gawanya kwa 7. Ni 11 na ushei. Bado sijatoa umeme, bando, wala laptopu inayochakaa kila siku ninapoifungua, na saa nilizotumia kuomba kazi ambazo sikupata hazimo kabisa.

Hizo gharama za nyumbani watu huzichukulia kama hazipo, eti ungekuwa unawasha taa hata hivyo. Shirika la Kazi Duniani halikuziona hivyo. Mwaka 1996 lilipitisha Mkataba namba 177 kuhusu wanaofanyia kazi ya ajira majumbani mwao (usichanganye na wafanyakazi wa ndani, hao wana mkataba wao), na Pendekezo namba 184 lililoandamana nao linasema wafidiwe gharama za nishati, maji, mawasiliano na matunzo ya vifaa. Ila mkataba huo haumgusi anayejitegemea kwelikweli, na wewe ndiko unakoelekea. Maana yake hakuna atakayekurudishia. Basi ziingize kwenye bei kabla hujaitamka. Ukishaitamka umechelewa.

Umeshangaa niliposema kwenye simu kwamba wewe ndiye wa kudai kianzio. Ulicheka, ukasema "mimi na uchanga huu?" Ndiyo, wewe na uchanga huo. Fundi hununua mbao kwa pesa ya nani? Mteja mpya mimi namwomba nusu kabla ya kuanza, nusu nikikabidhi. Kazi ndefu naikata mafungu matatu. Wateja wangu wa miaka siwaombi, nawatumia ankara mwisho wa mwezi na wanalipa. Mgeni akigoma kutoa hata robo, huwa najiuliza hizo robo tatu za mwisho angezitoa wapi.

Yote hayo yaandikwe, hata kama ni barua pepe ya mistari kumi ambayo mteja amejibu "nimekubali". Maneno mangapi, tarehe ya kukabidhi, tarehe ya kulipa. Masahihisho raundi mbili, ya tatu ina bei yake. Akikatisha kazi katikati, kianzio hakirudi. Na sentensi moja ambayo ningeipata zamani ingeniokoa: haki za makala zinahamia kwa mteja pesa zikishaingia kamili.

Jiji la New York lina sheria ya haya tangu 2017. Kazi ya dola 800 au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na kama hamkupanga tarehe, malipo yafanyike ndani ya siku 30 baada ya kazi kumalizika. Kipengele ninachokipenda zaidi kinamkataza mteja kukuambia, ukiwa umeshaanza kazi, kwamba ukikubali kupunguza bei ndipo atalipa kwa wakati. Mchezo huo nimechezewa mara tatu, na mara zote tatu nilikubali. Wewe huenda huishi chini ya sheria ya namna hiyo, lakini hakuna anayekuzuia kunakili masharti yake kwenye barua pepe yako.

Rasimu ya jibu unayotaka kuwatumia nimeisoma. Ni nzuri. Umeuliza anayelipa ni nani, analipa lini, kwa njia gani, na umesema hutalipa ada. Wakinyamaza baada ya hapo, umeokoa pesa na usingizi wa siku tano. Wakijibu, nitumie jibu lao kabla hujafanya lolote, hata kama ni usiku.

Ila futa ile "Samahani kwa usumbufu" uliyoanza nayo. Anza na "Habari".

Dada yako