Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Nianze na deni. Mkutano uliopita mliiagiza kamati ifidie hewa ukaa ya safari za wajumbe kwa kununua krediti za kaboni. Tulinunua. Cheti kikaja kizuri, kina picha ya msitu na muhuri wa kijani. Mweka hazina, ambaye mnamjua hapitishi karatasi bila kuisoma mbele na nyuma, akaomba namba za krediti hizo. Muuzaji alituzungusha wiki nyingi. Namba zilipopatikana, tukakuta kwenye rejesta, daftari rasmi la krediti, kwamba zilikwisha kufutwa, yaani kutumika na kuondolewa sokoni, kwa jina la mnunuzi mwingine kabla yetu. Tumerudishiwa nusu ya fedha. Nusu nyingine mtaiona kwenye hesabu, mstari wa hasara, na lawama ni yangu.

Nimelitanguliza hili kwa sababu limetufundisha kuliko mada zote za mwaka. Anayenunua mbao huzigonga na kuzipima. Anayenunua krediti ananunua tani moja ya hewa ukaa ambayo haikutoka, mahali ambapo yeye hakuwapo. Bidhaa yenyewe ni hesabu, kwa hiyo aliyeshika kalamu ndiye aliyeshika soko.

Kwa wanachama wapya: mpango wa vibali vya kutoa gesi chafu, mada yetu ya mwaka, unamtaka mdhibiti aweke kikomo cha gesi zote, agawe au anadishe vibali vinavyolingana na kikomo hicho, kisha anayeweza kupunguza kwa gharama nafuu amuuzie anayeshindwa. Mchumi John Dales wa Kanada alieleza utaratibu wa aina hii mwaka 1968, akiwaza uchafuzi wa maji. Marekani iliutungia sheria mwaka 1990 kwa salfa dioksidi ya mitambo ya umeme, Itifaki ya Kyoto ya 1997, mkataba wa kimataifa wa kupunguza gesi zinazopasha dunia joto, ikaupeleka kwenye kaboni, na Umoja wa Ulaya ukafungua soko lake mwaka 2005.

Katika kikao kimoja tuliuigiza. Wanachama wanne wakawa viwanda, katibu akawa mdhibiti. Katibu, kwa wema wake, aliviuliza viwanda vyenyewe vinahitaji vibali vingapi. Kila kimoja kikajiongezea kidogo, "isije ikawa." Biashara ilipofunguliwa kila mtu alikuwa muuzaji. Tulicheka, lakini ndivyo ilivyokuwa Ulaya. Takwimu za moshi zilizohakikiwa zilipotoka mwaka 2006, ikaonekana vibali vimezidi moshi, na bei iliyokuwa karibu yuro 30 ikaporomoka kwa siku chache. Kufikia mwishoni mwa 2007 vibali vya awamu ile ya kwanza ya soko viliuzwa kwa senti.

Kisa cha pili kilichotuchukulia muda mrefu ni cha gesi ya HFC-23, taka inayotoka wakati wa kutengeneza HCFC-22, kemikali ya majokofu. Chini ya Itifaki ya Kyoto, kuteketeza tani moja ya taka hiyo kulihesabiwa kama kuzuia zaidi ya tani 11,000 za hewa ukaa. Kuiteketeza ni rahisi, krediti zake zilikuwa na bei nzuri, na taka ikawa na faida kuliko bidhaa. Kikaja kishawishi cha kuzalisha zaidi ili kuwe na cha kuteketeza. Ulaya ilizikataa krediti hizo mwaka 2013. Kwangu mimi huu si wizi wa kawaida. Ni soko lililofuata kanuni zake kwa utiifu mkubwa mno.

Wapo wenzetu waliosema kikaoni kwamba mambo haya yaachwe kabisa. Siungani nao. Ulaya iliweka akiba ya kuondoa vibali vya ziada mwaka 2019, bei ikapita yuro 100 Februari 2023, na moshi wa viwanda na mitambo iliyomo sokoni mwaka huo ulikuwa takriban asilimia 47 chini ya ule wa 2005. Si kazi ya soko peke yake, lakini makaa ya mawe yalipokuwa ghali kuchoma, wenye mitambo waliiona bei hiyo.

Bei inayouma huwauma watu pia, na hapo siasa huingia. Australia iliweka bei ya dola zake 23 kwa tani mwaka 2012 na kuifuta 2014. California hurudisha sehemu ya mapato ya mnada kwenye bili za umeme za wananchi. Sheria ya Kenya ya 2023 inataka jamii zipate walau asilimia 40 ya mapato ya miradi ya ardhi. Soko la China, lililoanza biashara Julai 2021, lilianza kwa kupima moshi kwa kila kipimo cha umeme uliozalishwa, bila kikomo cha jumla, jambo ambalo wengi husahau wanapoutaja ukubwa wake. Nao ushuru wa kaboni wa Ulaya kwa chuma, saruji na mbolea zinazoingizwa kutoka nje umeanza rasmi 2026, kwa hiyo hata asiye na soko kwake atadaiwa takwimu zake.

Ada zimelipwa vizuri. Maktaba bado ina deni dogo.

Kamati inaomba ridhaa yenu kwa jambo moja: chama kisinunue krediti yoyote mpaka mweka hazina aione kwa macho yake kwenye rejesta, namba kwa namba, ikifutwa kwa jina letu. Yeye amekwisha kukubali kazi hiyo. Amesema hataki cheti.

Mwenyekiti