Shangazi, nimemtia babu kwenye laptopu na sasa ami anamtaka kwenye kampeni

Asalam aleikum Shangazi, natumai u mzima. Mimi ni kijana wa miaka 27, nina kijiduka cha kutengeneza simu na kompyuta hapa Langoni, Amu (Lamu), na nimekuandikia wewe kwa sababu nyumbani kila ninayemwambia ana upande wake. Barua ni ndefu, nivumilie.

Nianze na kosa langu maana najua ndo utaanza nalo. Babu mzaa baba alikuwa nahodha wa jahazi, akipeleka boriti na mizigo Mombasa, na alifariki mimi niko darasa la sita. Aliacha kaseti tatu. Zamani watu wakirekodiana kaseti badala ya kuandikiana barua, na hizi ni za miezi aliyokuwa amekwama Mombasa, anasalimia mtu mmoja mmoja, anauliza mnazi ulioanguka uliangukia kwa nani, anamsema vibaya mtu aliyemuuzia tanga bovu. Bibi aliziweka kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda, moja ishaanza ukungu. Mwaka jana nikasema nizihifadhi kabla hazijaoza, nikazunguka kutafuta redio kaseti inayozunguka sawasawa (siku hizi kazi kwelikweli, nilipata moja Matondoni mkanda wake wa ndani umelegea, nikaubadilisha), nikachomeka waya kutoka tundu la hedifoni mpaka kwa laptopu, nikafungua Audacity, programu ya kurekodi sauti, na kila usiku nikifunga duka nakaa nasikiliza babu anazungumza huku punda wanapita nje. Laptopu yenyewe ni ThinkPad ya zamani niliyoiunga kwa vipuri vya laptopu tatu, inaendesha Linux, na nimeipa jina Mtepe, kama ile merikebu ya zamani ya kushonwa kwa kamba, kwa sababu imeshonwashonwa tu haina hata msumari. Wenzangu wa kompyuta walicheka sana, nyumbani hakuna aliyeona cha kuchekesha.

Ningeishia hapo ingekuwa heri. Lakini siku hizi kuna programu za bure za akili mnemba, unaipa sauti ya mtu dakika moja tu inajifunza, kisha unaandika maneno yoyote inayasema kwa sauti ile. Mimi na ujuaji wangu nikajaribu. Mtepe ilipiga kelele ya feni karibu robo saa ikatoa sekunde chache, nilikuwa nimeandika "Njoo nyumbani, jua limekuchwa." Shangazi, nywele zilinisimama. Ile mikwaruzo ya koo, ile namna ya kuvuta pumzi kabla ya neno, ni yeye. Nikampelekea bibi, nikamwambia wazi kuwa ni mashine, sikumdanganya. Alisikiliza, akatulia, akasema, "Huyo tangu lini kunena njoo?"

Na kweli. Babu hajasema "njoo" maisha yake yote, alikuwa Muamu, yeye ni "ndoo". Mashine imefundishwa Kiswahili cha taarifa ya habari. Sasa mtu mwenye akili hapo angecheka aende zake kulala, mimi nikaona ni hitilafu ya kurekebisha. Nikarudi nikaandika upya vile anavotamka mwenyewe, "Ndoo nyumbani, yua limekutwa," na mashine haijui chochote, kwake ndoo ni ya kutekea maji, lakini ilipoitamka ikawa ni babu yuko mlangoni anaita wajukuu. Bibi alifunika uso na leso. Nilidhani nimemuudhi. Akasema, "Rudia." Nikarudia mara nne.

Sasa ami. Ami ni mdogo wake baba, na kabla sijamsema lazima niseme kuwa ndiye alinilipia karo ya diploma Mombasa miaka miwili na kodi ya hili duka miezi sita ya kwanza, na hajawahi kunikumbusha hata siku moja mpaka mwezi uliopita. Anataka udiwani uchaguzi wa Agosti 2027. Siasa zetu haziendani, 2024 vijana walipoingia barabarani kwa ule Mswada wa Fedha wa kuongeza kodi tulikosana vibaya kwenye grupu la WhatsApp la familia, yeye akisema ni watoto wasio na adabu, na tarehe 26 Juni Rais aliposema hatautia sahihi nikamtumia kikaragosi cha kucheka, hakunijibu mpaka Idi. Lakini ni ami yangu.

Alisikia ile sauti kwa bibi. Hakulia, alisimama akaniuliza, "Hii inaweza kusema chochote?" Na mimi, ulimi huu, badala ya kusema haiwezi nikaanza kujigamba, nikamsimulia habari za India, kule Tamil Nadu, kwamba mwanasiasa wao Karunanidhi alifariki 2018 na Januari 2024 chama chake kikamtoa kwenye skrini kwa akili mnemba akimsifu mwanawe Stalin, aliyekuwa ndiye waziri mkuu wa jimbo. Nilimsimulia kama maajabu. Yeye akasikia kama ramani.

Siku ya pili amekuja dukani na karatasi, imeandikwa kwa kalamu, mteja yuko hapo anangoja kioo cha simu. Karatasi inasema "Wanangu wa Amu, mimi nahodha wenu, mwanangu huyu nimemlea kwa haki, mpeni kura." Anataka voisi ya sekunde thelathini aisambaze, aanze na wazee wa Mkunguni ambao walisafiri na babu. Nikamwambia ami, babu hakusema haya. Akasema, "Angekuwa hai angesema." Na hapo ndo nakwama Shangazi, kwa sababu huenda ni kweli, babu alimpenda sana. Nikamwambia basi niweke tangazo mwanzoni kuwa sauti imetengenezwa na kompyuta, akanitazama kama nimemwambia apande jukwaani bila kanzu.

Mamangu anaogopa kivyake. Anasema yule dada wa Nairobi mwaka 2025 alishikwa kwa kutengeneza tovuti tu ya watu kutumia Bunge barua pepe kuhusu Mswada wa Fedha, sembuse mimi na sauti za maiti. Nimemwambia mahakama ilimwachilia, ikasema mashtaka yenyewe hayaonyeshi kosa, anasema alilala ndani kwanza au hakulala? Baba yeye ni mvuvi, amesema mambo ya ndugu yake tumalize wenyewe, akaenda kuangalia nyavu.

Ningeshamkatalia ami, walahi ningeshamkatalia. Shida ni bibi. Juzi baada ya Magharibi nilimpelekea mkate wa mofa, akaniambia nikae. Akasema kwenye zile kaseti zote tatu babu anasalimia kila mtu kwa jina, mpaka mbuzi, lakini yeye hamtaji. Wazee wa zamani ndivo walivokuwa, mke haitwi jina mbele za watu, anaitwa mama fulani, na kaseti ilikuwa inasikilizwa na nyumba nzima. Faragha alikuwa akimwita jina lake. Basi anataka niiambie mashine iseme jina lake, mara moja tu. Akanionyesha na namna alivokuwa akilivuta mwishoni.

Nimeshaliandika. Liko kwenye Mtepe, bado kubonyeza tu, na siwezi. Nikimfanyia bibi neno ambalo babu hakulirekodi, ami atanambia umeweza la bibi, langu limekushinda nini, na sitakuwa na jibu. Nikimnyima bibi, ana miaka themanini na kitu, nitakuja kujilaumu. Nimefikiria kufuta programu yote niseme laptopu imeharibika, lakini ami anajua mimi ni fundi, na kaseti bado ziko, anaweza kuzipeleka kwa kijana mwingine Malindi au Mombasa akafanyiwa kwa elfu mbili.

Niambie Shangazi, kuna njia ya kumpa bibi lake bila kumfungulia ami mlango? Na hizo kaseti nizirudishe kwenye kopo la bibi au nikae nazo mimi? Ami anataka jibu Ijumaa baada ya swala.

Fundi wa Langoni, Amu