Kura walipata, hazina zikabaki kwa wenyewe

Mhariri,

Makala nyingi kuhusu historia ya wanawake zina simulizi moja: hapo kale mwanamke alikuwa chini, dunia ikastaarabika, akapewa shule, akapewa kura, na leo hii ni rais. Mwishoni tunashauriwa kuwa na subira, maana mabadiliko huja taratibu. Naomba nafasi kidogo niipinge simulizi hiyo. Haki hizo hazikuletwa na kupita kwa miaka, na karibu kila moja ilipotolewa ilikuwa tayari imeshamegwa.

Chukua New Zealand, inayosifiwa kuwa nchi ya kwanza yenye serikali yake kuwaruhusu wanawake kupiga kura katika uchaguzi wa bunge, mwaka 1893. Kate Sheppard na wenzake walikuwa wameshakusanya sahihi 1891, wakakusanya tena 1892, na kila mara mambo yalikwama katika baraza la juu la bunge. Mara ya tatu walipata sahihi karibu 32,000. Karatasi zikagundishwa moja baada ya nyingine hadi zikawa ukanda mrefu, ukaviringishwa kama jamvi. Mbunge John Hall akaingia nao ukumbini, akaushika ncha moja na kuuachia ujifungue sakafuni, ukabiringika hadi ukagonga ukuta wa upande wa pili. Mwezi Septemba sheria ikapita. Ila sheria hiyo iliwapa wanawake haki ya kuchagua tu. Kugombea ubunge hawakuruhusiwa hadi 1919, na Elizabeth McCombs, mbunge wa kwanza mwanamke, aliingia bungeni 1933. Kwa miaka 40 walikuwa wakipanga foleni kuwachagua wanaume.

Uingereza ndiko umegaji ulikofanywa hadharani zaidi. Wanawake walifungwa jela kwa kudai kura, wakagoma kula, wakalishwa kwa nguvu kwa mipira iliyopitishwa puani au kooni. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, wasichana waliingia viwandani kutengeneza risasi na mabomu. Mwaka 1918 bunge likaamua kuwapa kura, lakini kuanzia miaka 30, tena kwa masharti ya mali au elimu, ilhali mwanamume alipiga kura akiwa na miaka 21. Sababu ilijulikana na kila mmoja: wanaume wengi walikufa vitani, na kama umri ungekuwa sawa, wapiga kura wengi wangekuwa wanawake. Hapo suala la akili ya mwanamke halikuwepo kabisa, ilikuwa hesabu ya nani atashinda uchaguzi. Kwa hiyo yule binti wa miaka 20 na kitu, aliyekuwa akijaza baruti, akaachwa nje ya sheria iliyosemwa kuwa ni shukrani kwa kazi yake. Alisubiri hadi 1928.

Najua wapo watakaosema hayo ni mambo ya Wazungu, sisi Waafrika tuna mila zetu. Jibu langu lipo kusini-mashariki mwa Nigeria. Wanawake wa Kiigbo walikuwa na mabaraza yao, waliendesha masoko, na mwanamume aliyewadhulumu waliweza kumwadhibu. Walikwenda kwake kwa wingi wao, wakamzingira, wakaimba nyimbo za kumfedhehesha na kugonga kuta za nyumba yake kwa michi mpaka aombe radhi. Utawala wa Kiingereza ulipofika haukuyatambua mabaraza hayo. Ukaweka machifu wake wa hati, yaani walioteuliwa kwa hati ya serikali, karibu wote wanaume, ukawakabidhi mahakama na kodi. Yaani mkoloni aliwanyang'anya wanawake mamlaka waliyokuwa nayo, na leo tunaambiwa kutokuwa nayo ndiyo mila yetu!

Novemba 1929, katika kijiji cha Oloko, mjumbe wa chifu alifika nyumbani kwa mama aitwaye Nwanyeruwa akamkuta akitengeneza mawese. Akamtaka ahesabu mbuzi wake, kondoo wake na watu wake. Mama huyo alishaona jinsi wanaume walivyohesabiwa kwanza kisha wakatozwa kodi. Akamuuliza kama mama yake yeye mjumbe alihesabiwa. Wakakwaruzana. Nwanyeruwa akakimbilia kwa wenzake waliokuwa mkutanoni, majani ya mchikichi yakatumwa soko hadi soko kuwaita wanawake, na kwa wiki kadhaa maelfu yao walizingira machifu, wakawadai kofia zao za uchifu na kuchoma majengo ya mahakama. Askari wakafyatua risasi. Zaidi ya wanawake 50 waliuawa. Baadaye wanawake wale hawakutozwa kodi iliyohofiwa na mfumo wa machifu wa hati ukavunjwa, lakini mabaraza mapya nayo yakajazwa wanaume, ukiacha wanawake wachache mno.

Tanganyika haikuwa tofauti sana. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed aliwafikia wanawake wa Dar es Salaam kupitia vikundi vyao vya ngoma, na kwa miezi michache maelfu wakakata kadi za TANU, chama kilichopigania uhuru, wakati wanaume wengi, hasa wenye ajira serikalini, walikuwa wakiogopa kuonekana. Uhuru ulipopatikana hakupata uwaziri kamili. Wanawake wa kwanza kushika wizara waliteuliwa 1975, miaka 14 baada ya uhuru ambao wanawake waliunadi nyumba kwa nyumba.

Kuhusu fedha nitasema kwa kifupi, ingawa pengine ndilo jambo zito kuliko yote. Ufaransa iliwapa wanawake kura mwaka 1944. Mke wa mtu, hata hivyo, alisubiri hadi 1965 ndipo akaweza kufungua akaunti ya benki na kufanya kazi bila ruhusa ya mume. Kwa miaka 21 mwanamke huyo aliaminiwa kuchagua wabunge wa taifa, hakuaminiwa na mshahara wake mwenyewe.

Na hao wanaotuambia tusubiri, waangalie Uswisi, ambako subira ilijaribiwa kweli. Mwaka 1959 wanaume waliulizwa kwa kura kama wake zao, mama zao na binti zao wapige kura, na theluthi mbili yao wakakataa. Walikubali 1971. Jimbo dogo la Appenzell Innerrhoden likaendelea kukataa katika uchaguzi wa jimbo hadi mahakama kuu ya nchi ilipolilazimisha mwaka 1990. Muda peke yake ulishindwa kuwashawishi wanaume wale.

Kilichofanya kazi haraka ni kile walichokifanya wanawake wa Iceland tarehe 24 Oktoba 1975. Takribani asilimia 90 yao waliacha kazi siku hiyo, za ofisini na za nyumbani. Shule na viwanda vingi vikafunga, akina baba wakaenda kazini na watoto mkononi, soseji zikaisha madukani kwa sababu ndicho chakula walichojua kupika. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya usawa, na 1980 Vigdís Finnbogadóttir akawa mwanamke wa kwanza duniani kuchaguliwa rais kwa kura za wananchi. Hata huko hawajamaliza: tarehe hiyohiyo mwaka 2023 waliingia tena mitaani kupinga ukatili na tofauti ya mishahara, na waziri mkuu, Katrín Jakobsdóttir, akiwa miongoni mwa waliogoma.

Leo wanawake wanashika takribani asilimia 27 ya viti vya mabunge duniani. Tukisifia idadi hiyo tuangalie pia wanapangiwa wapi. Wizara wanazopewa kwa wingi ni za jinsia, familia na ustawi wa jamii. Fedha na ulinzi ni nadra. Waziri wa ustawi wa jamii, hata awe hodari vipi, hupeleka maombi yake kwa mwenye fungu.

Basi ombi langu kwa gazeti lako ni dogo. Mnapotuchapishia picha za wabunge wapya wanawake, tuwekeeni pembeni majina ya wenyeviti wa kamati za bajeti. Tena waandishi wenu wafuatilie kura za maoni ndani ya vyama: nani alichukua fomu, ada ilikuwa kiasi gani, nani alikatwa, na kikao gani kilimkata. Wagombea wengi wanawake huishia hapo, kabla mpiga kura hajaliona jina lao kwenye karatasi.

Ni mimi msomaji wako.