Mdogo wangu, yale hayakuwa maji ya kifuu

Mdogo wangu,

Jumamosi iliyopita nilirudi kule Shimba Hills, kwenye maporomoko ya Sheldrick. Mwanangu ndiye aliyeomba. Mimi ningekaa miaka kumi bila kuyaona yale maporomoko na nisingeona nimepungukiwa. Lakini alinijia jikoni akasema, "Mama, nataka nione kama bado nayaogopa." Mtoto wa miaka 11 akikwambia neno kama hilo utamnyima kwa lipi?

Naandika hapa kwa sababu simu zangu hushiki, na nimeambiwa hapa hupita ukasoma. Miaka miwili sasa. Salamu zako nazipata kwa watu, kama za jirani aliyehama.

Tulivuka Likoni saa moja asubuhi. Ng'ombeni, Waa, tukakata Kombani kupanda Kwale. Wakumbuka pale gari linapoanza kulalamika na joto la Mombasa linakuachia ghafla, kama mtu amefungua dirisha? Bado ni vile vile. Juu kule kwenye kilima cha ndovu tulimkuta askari mwingine, si yule wetu, naye akatutangulia na bunduki yake begani. Tulishuka nyikani, tukaingia msituni, zile kilomita mbili zote, mizizi na mavi ya ndovu njia nzima. Palahala, yule swala mkubwa mweusi, hatukumwona. Wewe siku ile uliapa umemwona, na mtoto akakuamini, maana ulikuwa umembeba mabegani na yeye ndiye aliyekuwa juu zaidi ya sote. Hilo sijalisahau. Hakuna mjomba aliyempenda mtoto wa dada yake kama ulivyompenda wewe. Ndiyo maana naumia.

Tulipofika chini nilisimama pale pale kwenye lile jiwe bapa nilipokuwa nimeweka bakuli la viazi karai. Maji yanaanguka zaidi ya mita 20, na ukiwa karibu huwezi kumsikia mtu asipopaza sauti. Nikakusikia wewe. "Dada, haya maji ya kifuu tu haya." Nilikwambia subiri, nikakwambia hajui kuogelea vizuri, ukamshika mkono ukamwingiza mpaka pale yanapoangukia, huku wakwe zako wanapiga picha. Ukanijibu bila kugeuka: "Mtoto wa pwani hafi maji."

Niliinama kufungua bakuli. Sekunde ngapi, sijui. Nilipoinua macho nilikiona kichwa chako peke yake.

Fulana yake ya manjano ndiyo niliyoiona kwanza, inazunguka chini ya povu kama kitambaa kinachosuuzwa. Niliingia na buibui langu mpaka kifuani, na mimi siogelei, unajua. Yule askari aliweka bunduki juu ya mawe, jambo ambalo nadhani hawaruhusiwi, akajitupa na buti zake. Alimtoa kwa kumshika mkono mmoja. Mtoto alitapika maji, akashika buibui langu, na vidole vyake vilikuwa baridi kama vya mtu aliyetoka kwenye friza.

Na wewe ukacheka. Ukasema, "Ameonja kidogo."

Hapo ndipo nilipokupiga. Mbele ya mkeo wa siku tatu, mbele ya wakwe. Najua kofi lile ndilo unalolibeba wewe. Mimi nabeba kile kicheko.

Sasa nikwambie jambo, kwa sababu nasikia mmepata mtoto, na siku moja utamleta. Nilimuuliza mwalimu wa kuogelea, nikamuuliza na askari wa Jumamosi, wote wakaniambia mamoja. Maji ya bahari yana chumvi, ni mazito, yanakubeba hata ukiwa mvivu. Maji ya mto hayakubebi hivyo. Na pale yanapoangukia, lile povu jeupe limejaa hewa, mwili haupati cha kuegemea, halafu maji yanayotoka juu yanakusukuma chini, yakuzungushe pale pale. Mtu mzima mwenye nguvu kama wewe anatoka. Mtoto wa miaka tisa anazunguka. Mawe yana utelezi wa kijani usiouona mpaka umeanguka. Msitu haupitishi jua, kwa hiyo baridi yake inakukaba pumzi kabla hujajipanga. Mtoto acheze ukingoni, mbali na maporomoko, na mtu mzima awe upande wa chini yake, kule maji yanakoelekea, amwangalie yeye tu. Mvua ikiwa imenyesha juu na maji yamegeuka rangi, msiingie kabisa. Ningekwambia haya siku ile kama ungenipa dakika. Nilikuwa nakwambia! Nilisema subiri. Wakwe zako walinisikia, waulize.

Wewe uliyaita maji ya kifuu. Methali yenyewe huanza hivyo, lakini unajua inavyoendelea. Bahari ya chungu, yule mdudu mdogo. Uliyemshika mkono alikuwa chungu wangu mmoja tu.

Na lile neno la mtoto wa pwani, tafadhali usiliseme tena, hata huko Doha mbele ya wasiotujua. Tarehe 29 Aprili 1994 ulikuwa mgongoni kwa mama. Mimi nilikuwa na miaka 11. Feri ya Mtongwe ilipozama walikufa watu 272, na walizama karibu na nchi kavu, macho ya watu yanawaona. Wale hawakuwa watoto wa bara waliokuja kutembea. Mlango wa pili kutoka kwetu palilala maiti mbili. Baada ya hapo mama hakuniruhusu mimi kugusa bahari hata kwa kidole cha mguu, na wewe ulipokua, baba akakuchukua kila Ijumaa jioni kukufunza kupiga mbizi, mkaficha, nami nikawa naanua nguo zako zenye chumvi mama asione. Ulifunzwa ukubwa wa bahari na mtu aliyekushika kiuno. Mimi nilifunzwa na mlango wa pili. Kwa hiyo usiniambie nilikuaibisha bure.

Ila niliinama. Ni kweli niliinama kufungua bakuli, na nilijua hajui kuogelea. Hilo sijamwambia mtu.

Wifi yangu, kama anasoma: tulipokuwa tunapanda kurudi, kimya, kila mtu na pumzi zake, wewe ndiye uliyebeba viatu vyangu vilivyolowa mpaka juu kwenye gari. Sikukushukuru. Nilivichukua mkononi mwako kama ninayemnyang'anya mtu. Ahsante, wifi.

Jumamosi hii tulikuwa peke yetu na askari. Mwanangu alikaa ukingoni muda mrefu, miguu ndani. Mwaka mzima tumekuwa tukienda Bamburi asubuhi, yeye na mimi, kujifunza kuelea chali, mimi na umri huu. Akaniuliza, "Mjomba alisimama wapi?" Nikamwonyesha. Akaingia mpaka kiunoni, hakusogea mbele, akalala chali, masikio ndani ya maji, akayatazama maporomoko kwa mbali. Nilikuwa chini yake, mkono wangu sentimita chache kutoka mgongoni mwake, na sikumgusa. Alipoinuka akasema anataka uje umwone.

Nasikia Disemba mnakuja. Siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, mkitoka uwanja wa ndege si lazima mpange foleni ya feri, mnaweza kuja Kwale moja kwa moja. Jumatatu nilipita Kongowea nikaona sendozi za plastiki, zile ngumu za wavuvi, zinashika mawe vizuri. Nimenunua za mtoto, za wifi nimekisia. Zako nimechukua namba 42. Kama mguu umeongezeka, niambie nikazibadilishe, yule muuzaji ni mtu wa hapa hapa mtaani.